Ukimya Niliouita Nidhamu

Kwa muda mrefu nilijivunia vikao vyangu. Vilianza kwa wakati, vilimalizika kabla ya saa moja kupita, na kila nilipouliza kama kuna mwenye swali, watu tisa niliokuwa nikiwaongoza walitikisa vichwa, wakakusanya madaftari yao na kurudi kwenye meza zao. Wakuu wa idara nyingine walilalamika kwamba watu wao ni wabishi. Mimi sikuwa na la kulalamikia. Niliamini kwamba nina timu yenye nidhamu, inayoijua kazi yake na kumwelewa kiongozi wake. Leo ninauita ukimya ule kwa jina lake: watu walikuwa wananiogopa.

Kazi yetu ilikuwa kuandaa malipo ya mishahara. Mwisho wa mwezi mmoja, tukiwa tunapitia jedwali la mwisho kabla halijapelekwa benki, mhasibu mmoja, mdogo wetu kwa umri na kwa cheo, aliinua kalamu akasema kwamba fomula ya makato katika safu mojawapo ilionekana kuhesabu kitu kilekile mara mbili. Nilikuwa nimechelewa, simu ilikuwa ikitetemeka mezani, na wiki nzima nilikuwa nimelala kidogo. Nikamjibu bila kuinua macho, “Jedwali hili limepitiwa na watu watatu. Tuendelee.” Sikupaza sauti wala sikumtukana. Nakumbuka tu kwamba alichukua kifuniko cha kalamu, akakirudisha mahali pake taratibu mpaka kikalia, akafunga daftari, kisha akaweka mikono yote miwili juu yake. Hakuna aliyemtazama. Tukaendelea.

Kosa liligundulika miezi miwili baadaye, wafanyakazi wa kitengo kizima walipoanza kuuliza kwa nini mishahara yao imepungua. Kuwarudishia fedha zao kulichukua wiki kadhaa, na kuwaomba radhi wakatuamini kulichukua muda mrefu zaidi. Lakini kilichonikosesha usingizi hakikuwa hesabu hizo. Nilipokaa na timu kufuatilia mahali kosa lilipoanzia, nilitambua kwamba watu wanne walikuwa wameliona mapema: yule mhasibu pamoja na wengine watatu, ambao walipolisikia jibu nililompa mwenzao waliona hakuna sababu ya kufungua midomo. Mmoja wao, mtu mzima kuliko mimi, aliniambia kwa upole ambao sijausahau, “Tuliona ni heri tufunike kombe mwanaharamu apite.”

Ndipo nilipoanza kusoma juu ya jambo ambalo wataalamu wanaliita usalama wa kisaikolojia. Dhana hiyo ina umri mkubwa kuliko nilivyodhani. Mtafiti William Kahn aliandika juu yake mwaka 1990, akichunguza kwa nini watu huleta nafsi zao nzima kazini wakati fulani, na wakati mwingine huleta mikono tu. Aliyeifanya ijulikane zaidi ni Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, na namna alivyoifikia ndiyo iliyonishika. Alikuwa akichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali, naye alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume chake: wodi zenye viongozi wazuri na uhusiano mwema ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipolichimba jambo hilo aliona maelezo ambayo yangeweza kumpita mtu mwenye haraka. Huenda wodi hizo hazikukosea zaidi ya nyingine, bali wauguzi wake walithubutu kusema, ilhali kwingine makosa yalizikwa. Mwaka 1999 alichapisha utafiti wa timu 51 za kampuni moja ya viwandani, akaueleza usalama huo kuwa ni imani ambayo wanatimu wanayo kwa pamoja, kwamba ndani ya timu yao mtu anaweza kuuliza, kukiri kosa, kupinga au kuomba msaada bila kuaibishwa wala kuadhibiwa.

Neno “kwa pamoja” lina uzito hapo. Mwanzoni nilidhani tatizo langu lilikuwa na mtu mmoja, na kwamba nikimwomba radhi yule mhasibu mambo yatakaa sawa. Haikuwa hivyo, kwa sababu jibu langu siku ile halikumfikia yeye peke yake. Watu wanane walikuwa wakisikiliza, na kila mmoja alijifunza ndani ya sekunde nne ni nini humpata mwenye kuleta habari mbaya. Kiongozi hufundisha saa zote, na somo linaloshika zaidi hulitoa pale asipojua kwamba anafundisha.

Gharama ya ukimya wa namna hii inaweza kuwa maisha ya watu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia iliyofunikwa na ukungu, wakafa watu 583. Hakuna ajali nyingine ya kugongana kwa ndege iliyowahi kuua wengi kiasi hicho. Rubani mkuu wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka alikuwa na sifa na uzoefu mkubwa. Sekunde chache kabla ya mgongano, mhandisi wa ndege aliyekuwa naye chumbani aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, naye hakuuliza tena. Kila niliposoma habari hiyo nilimwona mhasibu wangu akifunika kalamu. Mambo mengi yalichangia ajali hiyo, ukungu na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana yakiwamo, lakini hiyo na ajali nyingine za miaka ile ziliwafanya watu wa usafiri wa anga wakubali kwamba ujuzi wa rubani hautoshi. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 walianza kuwafundisha marubani wadogo namna ya kusema kwa uwazi wanapoona hatari, na marubani wakuu namna ya kusikiliza. Ninapenda mafunzo hayo yalivyogawa mzigo. Hayakumwambia mdogo tu awe jasiri, kwa maana ujasiri wa mdogo hauna kazi mbele ya mkubwa asiyesikia.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulielewa, yaani uhusiano wa ukimya huo na afya ya akili. Wiki tatu baada ya kosa kugunduliwa, yule mhasibu aliomba likizo ya ugonjwa. Alikuja ofisini kwangu na karatasi ya daktari, akasimama karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka upesi, akasema kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa hapati usingizi, kwamba moyo ulikuwa ukimwenda mbio kila asubuhi alipofika kwenye ngazi za jengo, na kwamba kila mwisho wa mwezi alikuwa akilifungua jedwali lile nyumbani usiku na kulikagua peke yake, kwa siri, ili likiharibika asije akaambiwa hakusema. Siwezi kudai kwamba sentensi yangu moja ndiyo iliyomwuguza. Maradhi ya akili hayana chanzo kimoja, na si kazi yangu kupima ya kwake. Ninachojua ni kwamba alikuwa amebeba hofu ambayo haikuwa sehemu ya mkataba wake, na aliibeba mbele ya macho yangu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na matatizo ya wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, na tija inayopotea hufikia thamani ya dola za Marekani trilioni 1. Shirika hilohilo, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaueleza uchovu sugu wa kazini kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo, na linautaja kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kuona kwamba unachokifanya hakina tena mafanikio. Haukuwekwa pamoja na magonjwa, bali umetajwa kama jambo linalotokana na kazi yenyewe. Maelezo hayo yanapaswa kumgusa kila kiongozi wa timu, kwa sababu yanaliondoa suala kwenye udhaifu wa mtu na kuliweka kwenye mpangilio wa kazi, na mpangilio wa kazi ni jambo ambalo viongozi tuna mkono ndani yake.

Tangu mwaka 1979, mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kinachowaumiza watu si wingi wa kazi peke yake, bali ni wingi wa kazi unapokutana na ukosefu wa uamuzi juu ya namna ya kuifanya. Nikiitazama timu yangu ya wakati ule kwa jicho hilo, naona mambo yote mawili. Siku tano za mwisho wa mwezi watu walikaa ofisini mpaka usiku, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sauti katika kupanga nani afanye nini na kwa utaratibu gani. Wala sikuletewa malalamiko. Mtu anayeogopa kusema kwamba fomula ina kosa ataogopa zaidi kusema kwamba amelemewa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini kazini mara nyingi mgonjwa hufichishwa na yule yule ambaye angepaswa kumuuliza.

Ndiyo maana sina imani na juhudi za afya ya akili zinazoanzia kwenye mabango na kuishia kwenye semina ya nusu siku. Sizidharau semina, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inapendekeza mafunzo kwa mameneja, na mimi mwenyewe nilinufaika nayo. Lakini miongozo hiyo inapendekeza pia kushughulikia hatari zilizomo ndani ya kazi yenyewe, kama vile mzigo wa kazi, saa za kazi na nafasi ya mfanyakazi katika maamuzi, na hapo ndipo wengi wetu tunaporuka. Kumfundisha mtu kupumua kwa utulivu ni jambo jema, ila haliwi tiba iwapo saa mbili baadaye utampa kazi ya watu wawili na kumfokea mbele ya wenzake.

Nilianza na kikao, kwa kuwa ndipo nilipoharibu. Niliwaeleza watu wangu wazi kwamba nilionywa juu ya kosa lile na sikusikiliza, na nikamtaja aliyenionya baada ya kumwomba ruhusa. Nilitarajia, kwa ujinga wa mtu aliyetubu juzi, kwamba maneno hayo yangefungua midomo. Kwa wiki tatu hakuna aliyesema lolote. Sasa naona kwamba walikuwa na haki ya kusubiri. Mtu aliyeungua hashiki sufuria kwa kuambiwa tu kwamba limepoa.

Kilichosaidia kilikuwa kidogo na cha kurudiarudia. Niliacha kuuliza “Kuna swali?” kwa sababu swali hilo hujibika kwa kutikisa kichwa, nikawa nauliza “Ni kitu gani katika hesabu hizi hakijakaa sawa?” Swali la pili linakubali tangu mwanzo kwamba kasoro ipo, kwa hiyo anayeitaja haonekani mkorofi bali ametimiza alichoombwa. Nikaacha pia kusema wa kwanza. Nilikuwa nikifungua kila mjadala kwa kutoa maoni yangu, kisha nashangaa kwa nini wote wanakubaliana nami. Nilipoanza kusema mwisho, baada ya aliye mdogo kwa cheo kusema kwanza, nilisikia mambo niliyokuwa nimeyakosa kwa miaka. Na kimya kilipoingia baada ya swali, nilijifunza kukiacha kikae. Sekunde kumi za kimya ni ndefu mno kwa mwenye kuuliza, lakini kwa anayetafuta ujasiri ni fupi.

Kulikuwa na jambo gumu zaidi nililoliahirisha. Tulikuwa na mfanyakazi mmoja hodari sana, mwenye kumaliza kazi kabla ya wote, ambaye alikuwa na kicheko kifupi cha puani. Alikitoa mwenzake alipouliza jambo ambalo yeye aliliona dogo. Hakuwa akisema neno, kwa hiyo kila mara nilijiambia kwamba hakuna kosa la kukemea. Lakini nilipoanza kuwatazama wenzake badala ya kumtazama yeye, niliona mabega yakishuka kila kicheko kile kilipotoka. Nilimwita faragha, nikamweleza nilichokiona bila kumpa jina baya, na nikamwambia kwamba uhodari wake hauwezi kulipia swali moja linalozimwa. Alikasirika, kisha baada ya siku mbili akarudi kuzungumza. Kiongozi anayemvumilia mtu wa namna hiyo kwa sababu ya tija yake anawaambia wengine wote bei yao ni ngapi, nami nilikuwa nimewaambia hivyo kwa miaka miwili.

Wapo wanaosikia maneno usalama wa kisaikolojia wakadhani ni kulegeza kamba, kwamba kila mtu abembelezwe na kosa lisiwe na mwenyewe. Ni kinyume chake. Mishahara ya watu haivumilii uzembe, na viwango vyetu vya ukaguzi sasa ni vikali kuliko zamani. Tofauti ni kwamba mwenye kukosea kwa bahati mbaya na kusema mapema tunakaa naye kutafuta mahali utaratibu ulipomwangusha, na mwenye kuficha au kupuuza kwa makusudi anawajibishwa. Viwango vya juu bila usalama huzaa hofu, na hofu huzaa ripoti nzuri zenye uongo ndani yake. Kampuni ya Google ilipochunguza timu zake zaidi ya 180, katika utafiti ulioanza mwaka 2012, iliona kwamba namna wanatimu wanavyoshirikiana ina uzito kuliko ni akina nani waliomo, na miongoni mwa mambo matano yaliyozitofautisha timu zilizofanya vizuri, usalama huu ulikuwa wa kwanza.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana nilikutana na kikwazo ambacho sikukitarajia, nacho kimo katika lugha yetu. Salamu za Kiswahili hazimwachii mtu nafasi ya kusema vibaya. Ukiulizwa hujambo, jibu ni sijambo. Ukiulizwa habari, jibu ni nzuri, hata kama umetoka kumzika mtu asubuhi ile. Taabu huja baadaye, kwa hatua, nyuma ya neno “ila”. Nilikuwa nikiuliza “Habari za kazi?” na kupokea “nzuri” thelathini kwa mwezi, nikidhani nimefuatilia hali za watu wangu. Sasa naisubiri hiyo “ila”. Na isipokuja, nauliza juu ya kazi badala ya kuuliza juu ya nafsi: ni kazi gani wiki hii iliyokulemea, ni ipi ungeiondoa ungekuwa na uwezo, ni nani anakungoja na nani unamngoja. Mtu huweza kuzungumzia mzigo wake bila kujiona dhaifu, na mzigo ukishatajwa unaweza kupunguzwa. Iwapo ataamua kunieleza zaidi ya hapo, nasikiliza, natunza siri yake, namwelekeza kwa wenye utaalamu, na sijifanyi daktari. Mimi si mtu wa kumtibu. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kazi yenyewe haimwongezei ugonjwa.

Kwa hiyo tuliupanga upya mwisho wa mwezi, na wao ndio walioupanga. Walipendekeza ukaguzi wa makato uanze siku sita mapema badala ya kurundikwa kwenye siku mbili za mwisho, na kwamba kila jedwali likaguliwe na mtu ambaye hakulitengeneza. Ujumbe wa usiku nao nikauacha. Nilikuwa nikiutuma saa tano usiku na kuandika chini yake kwamba si lazima kujibu sasa, nao walikuwa wakijibu baada ya dakika tatu. Neno la mkubwa halipunguzwi uzito na maelezo ya chini.

Sidai kwamba kiongozi wa timu anaweza yote. Mwenye bosi juu yake anayetukana atakuwa anazuia mvua kwa mwavuli mdogo, na wapo viongozi wa kati ambao afya zao wenyewe zinavunjika wakiwakinga walio chini yao. Nao wanahitaji wa kuwauliza. Lakini hata chini ya mwavuli huo mdogo, watu tisa wanaweza kukaa pakavu kwa sehemu kubwa ya siku.

Yule mhasibu alirudi baada ya wiki tano. Tulianza naye kwa nusu siku, halafu siku nzima, na kwa miezi miwili hakukaa kwenye meza ya malipo ya mwisho mpaka alipoiomba mwenyewe. Bado hazungumzi sana kikaoni, nami sioni kwamba ni lazima azungumze. Huniandikia maoni yake kwenye karatasi siku moja kabla, naye hukaa akisikiliza kama nimeyasoma.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyejiunga nasi hivi karibuni alinikatiza nikiwa katikati ya maelezo. “Samahani mkuu, jumla hiyo si sahihi.” Nilihisi joto likinipanda shingoni, lilelile la siku ile, kwa sababu mwili hausahau tabia yake upesi. Nikaweka kalamu chini, nikamwomba atuonyeshe alichokiona. Alisimama, akatupitisha mstari kwa mstari kwa karibu dakika kumi, na wote tukafuatilia naye mpaka mwisho, ambapo yeye mwenyewe aliona kwamba alikuwa akisoma safu ya mwezi uliotangulia. Jumla ilikuwa sahihi. Akaanza kuomba radhi, nikamshukuru kwa kukagua, na mtu mzima yule wa kombe na mwanaharamu akasogeza kiti akamwonyesha namna ya kuitambua safu ya mwezi husika kwa rangi yake.

Wiki iliyofuata alinyoosha mkono tena.